Kibuyu Changu Ukumbini Dodoma

Jumatatu, 7 Julai
Uwanja nimefagia, mboga nimechuma, nimerudi kwenye kibuyu. Msumari wa moto ninaochorea umeniunguza kidole tena. Bado twiga wawili wa kuchora. Zaina, binti yangu, kanijazia fomu ya mashindano ya sanaa Dodoma mjini. Mimi niliyeishia darasa la nne! Naogopa.

Alhamisi, 10 Julai
Kimekwisha. Nimekipaka mafuta ya nyonyo, kinang'aa. Nimezunguka nacho nyumba nzima kama mtoto mchanga. Wifi yangu Hawa kaja kukiona. "Wifi, utashindana na watu wa chuo? Kwa kibuyu cha maziwa?" Imeniuma. Lakini nimemwona, alikirudisha kwa mikono miwili.

Jumamosi, 12 Julai
Dodoma. Nimekikabidhi ukumbini. Kwetu Kolo kibuyu kipya hakitolewi kitupu, ni kumtakia mtu njaa. Nimekijaza asali, nikaziba mdomo wake kwa gunzi la mhindi. Sikumwambia mtu, hata Zaina. Wenzangu wana picha kubwa kubwa za rangi. Changu kidogo, kizuri.

Jumapili, 13 Julai
Aibu! Walikilaza ubavu ili twiga waonekane. Asali ikavuja. Asubuhi sisimizi meza nzima, mpaka kwenye picha ya jirani. Msimamizi, kijana tu, kakunja uso. "Mama, hapa ni maonyesho, si jikoni. Kitoe."
Zaina akanivuta, twende. Ila sikutoka, nikamwambia yule kijana: "Mwanangu, meza nitaifuta. Kibuyu sikitoi."
Nikafuta kwa khanga yangu. Jaji mmoja, mama mtu mzima, akasogea. Shikamoo, marahaba. Akakigeuza, akatafuta ufa. Hakuna, ni gunzi tu lililolegea. Akalamba kidole. "Kazi nzima hii. Kibaki."
Nililia chooni.

Jumatatu, 14 Julai
Nafasi ya tatu! Walisema "mchoraji kutoka Kolo", nikatulia, nasubiri huyo mchoraji asimame. Zaina akanifinya. "Mama, ni wewe!" Nilipanda jukwaani na khanga ina madoa ya asali. Sikujali. Nilitembea kama bibi harusi.

Jumanne, 15 Julai
Nyumbani. Mume wangu Issa kasoma cheti mara mbili. Jioni nikachukua ndoo, akaninyang'anya. "Kaa, mchoraji. Ng'ombe nakamua mimi."
Nimekaa. Mikono haina kazi. Nasikia maziwa yakigonga ndoo.