Wimbo wa Alhamisi

Arima, Trinidad
6 Januari 1966

Dada yangu mpenzi Eulalie,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia kabla ya Krismasi kimekuachia. Huku hatujambo, isipokuwa Mama magoti yanamsumbua naye hataki kuyapumzisha. Shali uliyomtumia anaivaa kanisani katika joto hili hili, ili watu waone kuwa imetoka London.

Habari kubwa ni kwamba nimepata mkataba wa kurekodi santuri. Usinicheke. Yule mtoto uliyekuwa ukimfunika mto usoni ili anyamaze ulale, siku hizi anaitwa Malkia wa Arima, na kwenye hema la nyimbo za kalipso watu husimama juu ya viti. Aliyenifikisha hapo ni Cuthbert. Najua jina hilo hutaki kulisikia, ndiyo maana miaka yote hii nimekuwa nikikuandikia habari za mvua. Lakini ndiye aliyenifundisha kushika pumzi, na kumjibu mlevi anayenizomea bila kupoteza mdundo. Mama anajua naimba. Hajui nani alinifundisha.

Bwana Gomes, mwenye studio, alitaka nyimbo nne. Tatu hazikuwa na shida. Kwa wa nne aliutaka ule wa Alhamisi. Alisema wanaume wa umri wake bado wanauimba wakinyoa ndevu, na hakuna aliyewahi kuurekodi. Nikamwambia siujui. Akacheka, akasema hajaona mtu wa Arima asiyeujua, na akanipa hadi leo asubuhi. Nikikataa, mkataba atampa mwingine.

Nisamehe nikikukumbusha maneno yake: “Eulalie ana magauni mangapi? Kila Alhamisi fundi anampima, na gauni hatujaliona.” Nakumbuka ulivyoacha kwenda kanisani. Nakumbuka Baba, Mungu amrehemu, akimvunja Cuthbert mkono mbele ya duka la ramu kwa sababu ndiye aliyeuimba hemani, na wiki tatu baadaye wewe uko bandarini na sanduku moja. Tangu siku ile Cuthbert hajapiga gitaa.

Dada, Cuthbert hakuutunga. Niliutunga mimi, nikiwa na miaka tisa, pale kwenye bomba la mtaa, nikingoja ndoo zijae. Alhamisi ilikuwa zamu yako ya maji, nawe ulikuwa ukiniachia ndoo zote mbili unakwenda kwa fundi Baptiste kupimwa. Ningependa kusema sikujua ninachosema. Nilijua kidogo. Nilikuwa na hasira nawe, nikataka watu wacheke, wakacheka, nikauimba tena. Cuthbert alikuwa akipita, akausikia, akauchukua kama waimbaji wanavyochukuliana nyimbo. Baba alipomjia na fimbo angeweza kunitaja, asinitaje. Jana nilimuuliza kwa nini.

“Baba'ko alikuwa kashawaka vile,” akasema, “nimpelekee mtoto?”

Nikamuuliza kama niurekodi.

“Usiniulize mimi. Mimi nilivunjika mkono tu. Muulize dada'ko.”

Sikukuuliza. Leo saa nne asubuhi nimeingia studio nikauimba. Nilidhani nitakwama nikifika kwenye jina lako, lakini sikukwama. Sijawahi kuimba vizuri namna ile maishani mwangu, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Bwana Gomes alitoka chumba cha mitambo akanikumbatia.

Santuri zitatengenezwa tarehe ishirini ili ziwahi sherehe za Kanivali. Hadi siku hiyo ninaweza kwenda kuuzuia, mkataba na ufe. Nitumie telegramu ya neno moja kama wimbo utoke: ndiyo au hapana. Ukinyamaza, nitauzuia. Cuthbert ameshaniambia kwamba, iwe itakavyokuwa, jina la mtunzi nitalitaja mwenyewe kwa Mama, yeye amechoka kulibeba.

Mama bado hajui. Kila Jumapili tukipiga magoti humwomba Mungu amlaani aliyekutungia wimbo ule, kisha, kabla hajainuka, humwomba ailinde sauti yangu. Nami huitikia amina zote mbili.

Wasalimie wauguzi wenzako, na uvae soksi nzito. Mama anakubusu. Mimi sithubutu.

Mdogo wako,
Ionie