Mgeni Anayefunguliwa Stoo

Jumatatu, 7 Machi 1977

Nimekaza spoki za magurudumu mpaka vidole vimekufa ganzi. Hawa watu wa magendo wanapakia magunia ya kahawa juu ya baiskeli kama ni lori, halafu wanakuja kulia kwangu. Fundi Okwara, saidia. Hapa Malaba mpakani fundi mwingine ni nani? Hakuna. Gurudumu nikilinyoosha mimi linanyooka mpaka Tororo, Uganda, na kurudi.

Lakini kilichonichoma roho leo si baiskeli. Nerima, mtoto wa dada yangu, alipita hapa na watoto wa boss wake, anaowalea. Wilkista mkubwa na wale mapacha wa kiume. Nilikuwa na viazi vitamu kwenye jivu. Niligeuka kuchukua pampu – kugeuka tu – nikarudi nakuta mapacha wanakula maganda. Kiazi kiliisha zamani. Maganda, na jivu yake.

Nikamwuliza Nerima, kwani huko kwenu hakupikwi? Akainama. Ndipo nikamtazama vizuri. Huyu msichana nilimtoa kwao Nambale na mashavu yake. Sasa ni mifupa na leso.

Akanieleza polepole. Mama Wilkista anapima unga asubuhi, mkebe mmoja wa mafuta ya Kimbo. Anafunga stoo kwa kufuli, ufunguo anafunga kwenye ncha ya leso, anaenda dukani mpaka giza. Unga unaisha mchana. Jioni ni chai ya rangi. Watoto wakilia Nerima anawapa sahani yake, yeye anakunywa maji analala.

Nyumba ya mabati mapya! Baba mtu ana lori! Na hiyo kazi nimemtafutia mimi, kwa mdomo wangu. Kesho huyo mama atanijua.

Jumanne, 8 Machi

Hakunijua.

Nilifika dukani kwake na hasira yote, nimevaa koti. Kabla sijafungua mdomo – karibu mzee, keti mzee, mletee mzee soda. Amezungukwa na vitenge kama malkia. Mtu akikupa soda baridi utaanza vipi kumwambia watoto wake wana njaa?

Nikajaribu kwa mbali. Nikasema, mama, watoto siku hizi wanakula sana, sivyo? Akaniambia, mzee, wewe hujui. Yaya wa kwanza alivusha sukari yangu yote mpaka ng'ambo, kidogo kidogo, ndani ya nepi. Wa pili akavusha sabuni na chumvi. Huko sukari sasa ni dhahabu. Mimi nilikuwa nalisha Uganda na sijui! Ndiyo maana kufuli.

Nikasema Nerima si mwizi. Akasema, wote wakifika sio wezi, mzee wangu.

Na ni kweli, maana yule wa chumvi namjua. Baiskeli yake niliitengeneza mimi.

Halafu akauliza, ni kweli ulimaliza mbuzi peke yako kule Khunyangu? Sasa mtu akiniuliza habari ya huyo mbuzi siwezi kunyamaza. Nikampa yote, kuanzia mguu mpaka supu, na vile wakwe zangu walivyokimbia wakidhani nitaanza na wao. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, Jumapili uje kwangu, nione hilo tumbo kwa macho yangu.

Nikaenda zangu. Neno la njaa bado liko kooni.

Jumapili, 13 Machi

Nimeona ile stoo wazi. Mungu wangu. Unga magunia, mchele, mafuta, samaki wakavu wananing'inia kama nguo. Na watoto wanakula maganda.

Kwa sababu ya mgeni kufuli ilifunguka. Kuku mzima, ugali kama kichuguu. Kabla sijanawa, wanawake wa kanisa wakamwita Mama Wilkista, kuna mwenzao amefiwa. Akaniambia, kula mzee, usione haya, nikirudi nikute sahani nyeupe. Akatoka.

Nimebaki na kuku. Nikaona pazia linatikisika. Chini ya pazia, miguu sita ya watoto, vumbi mpaka magotini.

Nikala firigisi. Firigisi ni ya mzee, hata mtoto mwenyewe angeshangaa nikiiacha. Halafu nikapiga tumbo kofi, nikasema kwa sauti, aah, nimeshiba, ni nani atanisaidia? Sikumaliza kusema. Pazia karibu lianguke. Hata mifupa walitafuna, na Nerima pia alikula, ameketi chini kama mtu, nikamlazimisha.

Jioni Mama Wilkista anarudi. Mzee, umemaliza kweli? Nikamwambia, mama, hiyo ilikuwa ya kufungua koo tu. Akapiga makofi.

Ningesema nini? Nikisema watoto ndio walikula, kesho mkebe unapungua.

Jumatano, 16 Machi

Sasa nina mpango, na haujawahi kupangwa na mtu mwingine kwenye mpaka huu wote. Asubuhi naegesha baiskeli mlangoni kwake kabla hajafunga stoo. Mama, leo mchana nitapita kumsalimia Nerima, nimetumwa na dada yangu. Basi. Mgeni amejitangaza, tena mjomba, hawezi kupewa chai ya rangi. Anatoa unga mwingine, anatoa samaki, ndipo anafunga. Uso umekunjwa, lakini anatoa.

Mchana nafika. Naonja. Nashiba. Watoto wanamaliza.

Ijumaa, 18 Machi

Leo samaki na maharagwe. Nilionja kijiko. Nimetoka pale na harufu kwenye masharubu, nikaja hapa kula muhogo wa jana. Mtu mzima kama mimi. Nani ataniamini?

Nabwire wa mandazi, jirani yangu hapa barabarani, amenitangaza. Eti, angalieni mzee wa kuku, anaenda kumaliza jiko la yaya, hana aibu! Vijana wa baiskeli wanacheka. Nikamwambia, mama, wivu ni ugonjwa, mimi nimezoea meza kubwa. Ningefanya nini? Jina la ulafi nimepewa bure, tumbo tupu. Huu ni uonevu.

Jumatatu, 21 Machi

Mapacha wana mashavu kidogo. Mmoja alinipiga teke akicheza. Zamani hakuwa na nguvu hiyo.

Mama Wilkista asubuhi hakujibu salamu vizuri. Aliuliza, mzee, dada yako anatuma salamu kila siku? Nikasema sisi ni ukoo wa kupendana. Alitoa unga. Samaki hakutoa.

Alhamisi, 24 Machi

Nerima alikuja mbio mchana, kichwa wazi, watoto ameacha kwa jirani. Akasema, mjomba, acha kuja. Mama amemwambia mume wake, Bwana Ogutu. Amerudi na lori jana kutoka safari. Wameangalia stoo. Mama anasema hakuna tumbo la binadamu linaweza kumaliza vile, lazima mimi navusha, na wewe unanibebea kwa baiskeli.

Mimi! Mimi kubeba magendo ya samaki wakavu! Niliyekataa gunia la kahawa la tajiri mkubwa, na nikimtaja watu wataanguka.

Nikamwambia basi sitakuja tena. Akaanza kulia upya. Mjomba, usipokuja watoto watarudi kwa mkebe. Ukija nitafukuzwa. Sasa?

Ananiuliza mimi. Niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliogopa maswali yangu. Leo swali limenishinda. Nimekasirikia kila mtu – Mama Wilkista, yule yaya wa chumvi, huu mpaka wa Uganda, kufuli, hata mbuzi wa Khunyangu, ambaye kusema kweli tulikuwa wengi tukimla.

Jumapili, 27 Machi

Naandika haraka, nimesimama nyuma ya choo cha Bwana Ogutu. Nimesema naenda kujisaidia.

Aliniita mwenyewe, kwa heshima, akatuma mtu. Mtu mkubwa, sauti kama injini. Ameketi na shemeji zake wawili. Akasema, mzee Okwara, mke wangu ananiambia stoo yangu inakunywa kuliko lori. Karibu basi. Leo utakula mbele yangu. Wakacheka. Nami nikacheka, nikasema mleteni huyo kuku, nimsalimie.

Ndipo akaacha kucheka. Akasema, ukimaliza, hakuna maneno, wewe ni mlaji tu, na Nerima aendelee na kazi. Ukishindwa, basi kile chakula hakikuingia tumboni mwako. Kilivuka. Na yaya wako analala kwao leo.

Nikimtazama Mama Wilkista, anatazama ukuta.

Kuku ni wawili. Ugali sijaona kama huo tangu nizaliwe. Na mimi tangu Jumapili ile nimezoea kuonja, tumbo limekuwa dogo kama la mwali. Lakini nikijilazimisha naweza. Okwara anaweza. Nikimaliza, msichana anabaki. Na watoto watakula nini? Na nikisema ukweli, mbele ya shemeji zake, kwamba watoto wake wanakula masazo ya fundi wa baiskeli nyumbani kwao wenyewe – huyo mtu atanitoa kwa mlango au kwa dirisha? Na Nerima nyuma yangu.

Labda nimwite Bwana Ogutu pembeni. Labda Mama Wilkista. Angeniangalia tu, ningejua niseme ama nile.

Bwana Ogutu anaita. Mzee, ama umekimbia? Nakuja, boss, nakuja.

Kutoka hapa naona jikoni. Nerima anapakua, hanioni. Wilkista na mapacha wamekaa chini mlangoni, wamejipanga. Mikono yao inadondoka maji. Wameshanawa, wanangoja nishibe.