Chai katika Vikombe vya Wenyewe

Bibi yangu wa Darsait, shikamoo, nakubusu mikono.

Huku Poland mvua haikatiki. Kijiji tulichofikia mimi na baba, zamani kilikuwa cha Wajerumani. Baada ya vita waliondoshwa, wakaletwa Wapolandi waliofukuzwa kwao mashariki. Mwenyeji wetu, ajuza mmoja, aliletwa akiwa mtoto mchanga. Mamake alikuta vikombe vya wenyewe bado viko mezani.

Jana mjukuu wa wenyewe alikuja kutoka Ujerumani, akasimama nje anarowa, anaona haya kugonga. Ajuza akamfungulia. "Ingia wewe, utaoza huko!" Akamtilia chai katika kimoja cha vikombe vile vile. Yule bwana akakishika kwa mikono miwili, hanywi. "Kunywa, inapoa!" Mwanawe ajuza ndiye aliyetutafsiria.

Bibi, nna jambo la kukwambia. Mwaka jana nilipotoka Unguja nilikwambia nyumba yenu ya Malindi, mliyoiacha wakati wa mapinduzi mkakimbilia huko Darsait, nimeikuta imefungwa, na tangu siku hiyo hujaitaja tena. Nilisema uongo. Mlango ulikuwa wazi, watoto wanacheka ndani. Mimi niliogopa kupiga hodi.

Nisamehe. Kama bado wataka kuiona, twende sote, nipige hodi mimi.

Mungu akuweke, bibi.
Salma wako