Sikuibadilisha Programu Yako, Dada

Dada Zuhura,

Leo nimelala mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu nije Kigali. Nimelala kwa sababu roho imetulia. Lile suala la kompyuta yako nimelimaliza: programu ya picha inabaki ile ile uliyoiacha. Siweki mpya. Siku zote hizi nilikuwa nabeba tofali huku nikiwaza kitu hicho tu, mpaka fundi wangu Innocent akaniuliza kama nimeoa kwa siri na mke ameanza kunisumbua.

Unakumbuka kompyuta ilivyokuja? Uliinunua ikiwa tayari imeshatumiwa na wengine, ukaifunika kitenge kama mtoto mchanga, ukakataza mtu kula karibu nayo. Mimi nilikuwa nimeacha shule, sina kazi, nazurura Kigoma nzima. Ukaniweka kwenye kiti cha pembeni pale studio yako ya picha ukanifundisha kumkata mtu kwenye picha.

"Polepole," ulisema. "Sikio si kona ya meza. Kata kama unamnyoa mtoto."

Nilikata masikio ya nusu ya mtaa. Bibi harusi mmoja alitoka na sikio moja, ukacheka mpaka ukakaa chini, halafu ukamrudishia la pili kabla hajaja kuchukua picha zake.

Watu walikujia wewe kwa sababu ya walio mbali. Kila nyumba kwetu ina mtu wake ambaye hayupo, yuko migodini, au Dar, au ng'ambo ya mpaka. Ukishawapanga ukawa unawaambia, "Acheni nafasi ya mtu." Wakaacha. Huyo wa mbali alituma picha yake, ukamkata, ukamsimamisha pale kwenye nafasi yake kama hajawahi kuondoka.

Sikujua kwamba siku moja nitaachiwa nafasi mimi. Idi yangu ya kwanza huku ilinikuta juu ya jukwaa la mbao, kwenye jengo moja Kicukiro. Ukapiga simu: tafuta ukuta mweupe, geuka kidogo kushoto, tuma. Nikasimama na mabuti yangu yaliyojaa saruji. Huko nyumbani ulikuwa umeegesha ufagio nyuma ya kiti, ukamwambia mama aweke mkono juu ya mpini, kwamba hapo ndipo lilipo bega langu. Ulinisimulia alivyouangalia ule mpini.

"Mwanangu amekonda kiasi hiki?"

Ukafuta ufagio, ukaniweka mimi. Mabuti hukuyasafisha. Uliniambia mama akiyaona atajua ninafanya kazi. Picha ikatundikwa ukutani, na wageni wakawa wanamuuliza mama eti mimi Kasimu nimekuja lini. Anawajibu, "Hajaja, lakini yupo."

Sasa asiyekuwepo ni wewe. Nilirudi kutoka kwenye mazishi yako na kompyuta yako mapajani, imefungwa kwenye kitenge kile kile. Hapa Biryogo ninapokaa naiwasha siku za mapumziko. Wenzangu wa kazini, vibarua wanaoitwa abayede, huja wamevaa mashati safi juu ya suruali za kazi, nami nawaondolea vumbi na kuwaingiza kwenye picha za kwao. Feni yake inanguruma. Innocent akiingia huuliza, "Kasimu, leo iko unasaga mahindi ama muhogo?"

Halafu mama akapiga simu. "Ukutani mko wote," akasema, "Zuhura hayumo. Mwingize."

Kweli humo hukuwamo. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika kamera, siku zote. Nina picha yako moja tu nzuri, niliyokupiga mlangoni mwa studio nikijaribu kamera, umefunga kilemba cha manjano, unacheka, mwanya wote uko nje.

Innocent akasema ndiyo wakati wa kuweka programu mpya. "Hii yako iko mzee, sha. Siku hizi kompyuta inakata mtu yenyewe." Tukaibeba mpaka Remera kwa kijana mmoja anaitwa Olivier, anatengeneza kompyuta. Akaifungua, akatikisa kichwa. Programu mpya haitaingia, akasema, mpaka mashine ifutwe yote na kuanza upya. Picha anaweza kuzihifadhi pembeni. Lakini ile programu ya zamani ikitoka haitarudi tena, maana ile CD ya kuiwekea ilishavunjika tangu enzi zako.

Kabla sijaamua, akaomba anionyeshe ile mpya kwa picha yako, kwenye mashine yake. Akabonyeza mara moja. Ukatoka mlangoni mwa studio, ukasimama peke yako, kila unywele mahali pake.

"Yampaye inka!" Innocent akashangaa kwa Kinyarwanda, akapiga makofi.

Nikasogea karibu. Uso ulikuwa laini kama sahani, na kinywani kulikuwa na meno ya mtu mwingine.

"Meno yake yamefanywaje?"

"Imetengeneza," Olivier akasema. "Iliona iko na kasoro pale katikati."

"Ule ni mwanya."

Hakubishana, ni kijana mwenye adabu. Akanionyesha mahali pa kuizima ile tabia, akazima, mwanya ukarudi. Kwa hiyo siisemi vibaya programu ya watu. Ni nzuri, na mwenye haraka aitumie. Ila nilifikiri: mtu asiyekujua angeshukuru na kwenda zake. Na kuna jambo jingine, nalisema wazi. Sikutaka kukutengeneza kuishe kwa kubonyeza mara moja.

"Basi ikae," Olivier akasema. Akaitoa vumbi kwenye feni kwa brashi, akanionya nisiiunganishe na intaneti isije ikashikwa na virusi. Nilitoka pale mwepesi kama nimetua mfuko wa saruji.

Jumapili nikafungua faili lako la Idi. Nilifua nguo nikamaliza, bado linafunguka. Kisha wakatokea wote, kila mtu kwenye tabaka lake la kusogezwa peke yake, na majina kwa maandishi yako: Mama. Kiti. Kasimu mabuti. Nikakukata wewe polepole. Kwenye sikio nilishusha pumzi.

Kumbe shida haikuwa kukukata. Hapakuwa na pa kukuweka. Siku ile uliwaambia waniachie nafasi mimi, lakini wewe nani angekusemea? Nilikuweka mwishoni, ukaonekana mpita njia. Nikakuweka nyuma, kilemba tu ndicho kilichobaki.

Ndipo nikajishika mimi mwenyewe, nikajivuta mpaka pembeni kabisa, karibu na mtungi wa maji. Buti moja likakatwa na ukingo wa picha. Mkono wa mama ukabaki hewani. Nikakuleta taratibu chini yake, mpaka bega lako likaufikia.

Nilimtumia mama asubuhi. Alipopiga, nilisikia kwanza kuku wa kwetu.

"Mkono wangu uko juu yake," akasema. Baadaye kidogo: "Na wewe mbona umekwenda kusimama huko?"

"Nimeacha nafasi ya mtu, mama."

Basi, dada, pumzika. Mwanya wako upo, na mimi nimelala mchana.

Mdogo wako, mwenye mabuti.