Waliponiuliza Kama Nilikuzaa

Tongoni,
Tanga.
14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Asmahani,

Assalaam alaykum. Kwanza pokea marahaba yako, maana najua umeshaniamkia kabla hujaichana bahasha. Hujambo mama? Huo mguu uliosema unavimba kwa kusimama kutwa nzima umepoa? Na baridi ya huko imeanza, au bado inawavizia? Mimi namshukuru Mungu, homa sina, presha inapanda na kushuka kama ada yake. Mihogo mwaka huu imekubali, kunguru tu ndio wanatusumbua.

Utashangaa kuona karatasi na simu ninayo. Kwenye simu siwezi. Ukiniuliza hali nasema salama, nami nikikuuliza unasema salama, basi tunadanganyana mpaka bando linakwisha. Kalamu haina haya.

Juma lililopita uliniuliza neno moja: huo mkataba mpya wa nyumba ya wazee uusaini, ubaki Ujerumani, au uukatae urudi nyumbani moja kwa moja ukae na mimi. Nikakwambia mtandao mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima. Nitakujibu humu humu, ila niache nizunguke kidogo, unanijua.

Najua una kinyongo na mimi kwa yale ya Dar es Salaam. Hukusema mengi, lakini sauti yako naijua tangu hujaota meno. Wewe ulisikia tu kwamba visa wamekataa, na kwamba mimi ndiye niliyeharibu. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Pale ubalozini walinipokea vizuri, nisiwasingizie. Alikuwepo mama mmoja wa Kizungu, mtu wa adabu zake, na binti wa Kitanzania wa kutafsiri. Wakaniuliza nina watoto wangapi, nikasema mmoja. Anaitwa nani, anafanya kazi gani, nikajibu kwa madaha, nimejitanda ule mtandio wa zambarau ulioniletea. Ndipo wakauliza nilikuzaa hospitali gani. Nikacheka. Nikasema mimi sikujaaliwa kuzaa, huyu ni wa dada yangu.

Nilisema kama ninavyomwambia mtu yeyote hapa Tongoni, na hapa hakuna anayeshtuka. Yule binti hakutafsiri. Alinitazama kama anayenisubiri niyarudishe maneno mdomoni, kisha akaniuliza tena kwa upole, mimi ndiye mama yako? Nikasema ndiyo, mimi ndiye mama yake, nani mwingine? Akauliza, ulimzaa? Nikasema la, aliyemzaa ni dada yangu Najat. Basi ikambidi atafsiri.

Kile cheti chako cha kuzaliwa kina jina langu, ndicho kilichotufikisha pale. Siku ya kukuandikisha shule karani aliuliza mama wa mtoto ni nani, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake nimekushika mkono. Sikumdanganya karani. Kwetu swali ni moja. Kumbe kule wenzetu wana mawili.

Ulinambia kwa simu, si ungesema ndiyo tu, mama, neno moja tu. Ningeweza. Ulimi si wangu? Lakini aliyeona uchungu ni Najat, na alikwenda mbele ya haki hata kukuona umekaa hajakuona. Hana picha, hana mtoto mwingine. Akiulizwa duniani nani aliyemzaa Asmahani, na mimi nikasema ni mimi, basi dada yangu atakuwa amepita hapa bure. Nilitamani kuja kwako mno, lakini si kwa bei hiyo.

Yule mama alinieleza sababu. Sheria yao inamruhusu mfanyakazi kumleta mzazi, si mama mdogo. Akasema kwao matibabu na matunzo ya wazee ni mfuko wa wote, watu wamechangia maisha yao yote, na kila mgeni akileta shangazi na mama mdogo mfuko utaelemewa. Nilimsikiliza nikaona huyu ni Mzee Yasini kabisa, kasoro kanzu.

Hukuwepo, kwa hiyo hukijui kisa. Yasini ndiye mwenyekiti wa mfuko wetu wa kuzikana. Kuna Rafaeli, fundi muashi, Mkristo, mtu wa Kigoma aliyekuja kwenye mkonge akaishia kujenga hapa kwetu. Ameingia mfukoni zamani na hajawahi kuchelewa na mchango. Mwaka jana alitaka kumleta mama yake, mgonjwa tena kikongwe. Yasini akasimama kikaoni akasema bibi huyo hajaweka hata senti, anakuja hapa kubebwa tu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Rafaeli si msemaji, unajua mafundi, lakini siku ile alisimama.

“Makaburi ya wazazi wenu nimeyachimba mimi,” akasema. “Wa kwangu nimchimbie wapi?”

Kikao kikakubali. Bibi akaletwa, na Mola akamweka mpaka mwezi wa nne. Tulimzika sote, Yasini mwenyewe akiwa mbele. Mfuko haukufilisika, upo hadi leo.

Basi na mimi pale Dar nilimwambia yule binti, “Mwambie wazee wao anawaogesha mwanangu.” Akatafsiri. Yule mama akainamisha kichwa, akasema hilo analijua na wanashukuru sana. Nikatoka na shukrani zao, nikapanda basi kurudi Tanga.

Lakini haki tuiseme. Sijamchukia. Nchi inayomwogesha mzee asiye na mtu ni nchi yenye imani, na chungu cha wote lazima kiwe na mlinzi, la sivyo wenye miguu mirefu watakimaliza. Ninachouliza ni kimoja tu. Wamekuhesabu wewe mikono yako, wamekuhesabu mgongo wako. Huku ulikotoka hawakuhesabu mtu?

Yule bibi wako wa chumba cha mwisho, ambaye watoto wake wanamtembelea Krismasi kwa Krismasi, hajambo? Ile video uliyonitumia, unamchana nywele huku anaimba, nimeitazama mpaka nimeujua wimbo wenyewe, ingawa sielewi hata neno. Nikwambie kweli, namwonea wivu. Mwanamke mzima na mvi zangu namwonea wivu bibi wa watu asiyejua hata jina langu. Mungu anisamehe, na wewe usicheke.

Maana nyumba imekuwa kubwa, Asmahani. Mkono wangu umezoea masufuria ya shughuli, kupika kidogo sijui, kwa hiyo naivisha wali wa watu sita naula peke yangu, unaobaki wanakula kuku. Redio naiwasha asubuhi nisikie tu mtu anakohoa. Mwezi wa Julai niliteleza kule uani penye karo la kuoshea vyombo, nikashindwa kuinuka. Nilikaa pale chini na jua likinihama, nimeaibika kuita, mpaka Praxeda mke wa Rafaeli alipokuja kuomba kifuu cha moto. Siku ile ile ulipiga simu nikasema salama. Nyonga imepona, ila nachechemea kidogo.

Sasa akili inanambia nikwambie usaini. Huku ukirudi utaanza wapi, na hospitali zetu zina vijana wamesoma wanangoja ajira? Halafu mimi nikishaondoka utabaki na nani? Huko umechangia, ukizeeka watakushika mkono kama unavyowashika wao. Huku utanizika mimi, kisha utakaa kwenye nyumba hii hii ukipika wali wa watu sita. Hayo nimeyapima, usidhani nimekurupuka.

Mjomba wako Sele wa Pangani anakusalimu, amekuwekea nazi ambazo anajua fika huwezi kuzila. Praxeda anakusalimu, na Mzee Yasini, ambaye huuliza habari zako kila akiniona, roho yake si mbaya. Unisalimie wenzako wa kazini, na yule bibi mwambie Zuleha wa Tongoni anamsalimu. Mola akulinde na baridi, akupe afya, akufungulie kila mlango ulio na heri na wewe, na ule usio na heri akufungie kwa upole.

Nilikaa kitako kuandika nikiwa nimeazimia nikwambie saini, mama, baki, usinifikirie mimi. Ndivyo anavyosema mama mwema. Neno hilo nimelianza toka alasiri, na kila nikilifikia kalamu inakwenda kwenye kisa kingine. Ukibaki sitakulaumu, na radhi zangu unazo popote ulipo, leo na nitakapokuwa sipo. Lakini umeniuliza. Wale wa Dar hawakunizaa wala sikuwalea, na nikawaambia kweli. Wewe nikufiche?

Rudi.

Ni mimi nikupendaye, niliyekulea,
mama yako,
Zuleha binti Uweso