Kamongo wa Siku ya Mwano

Jumanne, 3 Septemba 2024

Maji ya lambo yamerudi nyuma hatua kumi na mbili tangu Jumapili. Nimepima kwa miguu yangu mwenyewe. Matope ya ukingoni yameshapasuka, kambare wamebanana katikati wanahema midomo wazi. Mwezi mzuri kwa mvuvi, mbaya kwa samaki. Leo nimetoa tisa kabla ya saa nne, kwa chambo cha sabuni tu!

Na yule shetani bado yupo. Kamongo. Kaibuka kuvuta hewa pale kwenye matete ya kona yangu – mgongo mnene kama paja la mtu mzima. Ndiye aliyeninyofoa vidole viwili vya mkono wa kushoto mwaka jana nikimtoa ndoana. Dorah, mke wangu, anasema hata kamongo jike hawezi kumjua kamongo mmoja kati ya kamongo wote, seuze mimi. Ni huyo. Namjua. Miaka tisa nimechimba dhahabu Geita, duara, lile shimo la machimbo, limenifukia mara mbili, nikatoka na vidole vyangu kumi. Nije kupunguzwa na samaki!

Eustace kacheka mpaka kakohoa. Kasema: Cornel, wewe huvui, unalipa kisasi. Kweli. Simkatalii Eustace. Kwetu ni Muleba sote, machimboni tuliingia pamoja na pamoja tukatoka, akanifuata huku Mwagimbu kwa sababu mimi nilioa huku. Mshipi wake na wangu inalala hatua tano tu.

Ng'ambo ya lambo yuko Amosi, anaosha mchanga wake wa dhahabu. Mashine yake ya kuvuta maji inanguruma kutwa. Pale alipo hata ukimpigia ngoma sikioni hasikii. Asubuhi tunapungiana mkono, imetosha.


Alhamisi, 5 Septemba

Mwano saa nne asubuhi! Ukunga umeanzia nyumba za juu, ukapokewa na nyumba ya pili, ya tatu, mpaka masikio yanawasha. Huku Usukumani hiyo haina mjadala. Ukisikia mwano unaacha ulichoshika – jembe, kijiko, hata mtoto – unachukua silaha unakimbia. Mwanaume asiyekimbia anahesabiwa mwenzake mwizi. Sungusungu hawaulizi zaidi ya hapo. Na kamanda wao ni shemeji yangu mwenyewe, Nkwabi, kaka yake Dorah.

Tukakimbia. Mimi na Eustace, miguu mitupu, rungu mkononi. Mwizi gani? Fisi! Na fisi mwenyewe ameshaondoka zamani, kaacha mbuzi mmoja mguu unaning'inia.

Kurudi lambo, mishipi yangu miwili imekatwa. Ndoana kubwa zote mbili zimekwenda. Kamongo yule tena! Nimetukana mpaka Eustace kaziba masikio. Jioni nimemwambia Nkwabi kwamba mwano wa fisi umenigharimu. Hakucheka. Kasema mwano ni mwano, shemeji, hata wa kivuli.


Jumamosi, 7 Septemba

NIMEMUUA!

Niandike haraka kabla giza. Kamongo kashika saa kumi kamili, chambo cha chura. Nilijua kwa mvuto – kambare hutingisha, huyu alivuta taratibu, kama mtu anayekokota gunia. Nikafunga uzi mara tatu kiganjani. Ukaingia kwenye nyama. Sikuachia.

Hapo hapo mwano ukalia. Eustace akasimama. Kata uzi, twende! Nikamwambia: tangulia, nakuja. Akasema Cornel, mwano. Nikasema nimesikia, tangulia, dakika mbili nakuja. Akaondoka mbio kwa njia ya korongoni, peke yake. Mimi nikabaki. Nilifikiri: fisi tena.

Dakika mbili ikawa saa nzima. Kaniburuta mpaka kifuani mwa maji. Akajizungusha na uzi, akanigonga magoti, nikaanguka, nikameza matope. Nilipomfikisha kwenye tope gumu alinguruma – wallahi ananguruma! – akafungua taya. Nikampiga rungu la kichwa. Akaendelea kuja. Nikapiga. Nikapiga. Jicho moja likatoka. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, nakitaja kila kidole kwa jina lake. Alipotulia niliendelea kupiga. Sijui kwa nini naandika hili, ila ndivyo ilivyokuwa: nilipata raha.

Ng'ambo Amosi alikuwa anachota mchanga, mgongo kauelekeza kijijini, mashine inanguruma. Nikampungia samaki wangu juu. Akageuka, akanipungia mkono.

Nimembeba begani mpaka nyumbani. Kijiji kimya, hata watoto hakuna. Namsubiri Dorah aje aone.

Baadaye.

Dorah kaja. Hakumtazama samaki. Wamemuua Eustace.

Wezi wa ng'ombe, watu wanne. Walikuwa wanashuka korongoni na ng'ombe wa mzee mmoja, Eustace akakutana nao uso kwa uso. Wengine wote walitokea juu, wakachelewa. Mapanga. Dorah kasema mkono mmoja waliukuta mbali na yeye. Kasema alisikika akiita jina langu.

Nami nilisikia. Katikati ya vurugu ile nilisikia "Cornel!" mara moja kutoka korongoni. Nilidhani ananishangilia.


Jumapili, 8 Septemba

Tumemzika. Martina, mjane wake, hakunitazama. Nilishika koleo, mtu akaninyang'anya.


Jumatatu, 9 Septemba

Siwezi kukaa. Naandika kwa tumbo, nimelala chini.

Walinichukua saa tatu asubuhi, filimbi mbele, filimbi nyuma, mpaka uwanja wa mnada. Wanaume kama mia mbili, wamekaa duara, pinde magotini. Nikasimamishwa katikati. Nkwabi hakuniita shemeji. Kasema: huyu mtu. Kauliza: huyu mtu alikuwa wapi mwano ukilia? Nikasema lambo, nilikuwa na samaki. Kicheko kikapita, kikakatika.

Akauliza: alisikia? Nikasema nilisikia.

Viboko. Vya kwanza nilihesabu, nikaacha. Walipumzika wakauliza ni nani alinipa kazi ya kuwachungia wezi njia. Hakuna! Viboko. Ng'ombe wamevuka mkono mkavu wa lambo, nyayo zipo, mimi nilikuwepo, ilikuwaje sikuona? Viboko. Damu ilikuwa inashuka mpaka kwenye visigino. Na mimi – Mungu wangu, niandike tu, hakuna atakayesoma – mimi nikapiga kelele: si mimi peke yangu! Amosi naye alikuwepo! Amosi naye hakukimbia!

Wakaacha kupiga. Mara moja. Wakatazamana. Nyayo zimepita karibu na mwalo wa Amosi, pale anapooshea mchanga, ndiyo kweli, kuliko kwangu.

Sikuitaja mashine. Ilikuwa hapa, kwenye ulimi. Wangeniambia ninamtetea, wangeanza tena. Sikuitaja.

Hukumu: natengwa. Hakuna kunisalimu, kuniuzia, kununua kwangu, kunipa moto wala maji. Anayesema nami naye anatengwa. Hakuna kuingia kwenye ua wangu mpaka baraza liseme vingine.


Alhamisi, 12 Septemba

Samaki ameoza. Sikumkata hata kipande. Nilimburuta nyuma ya choo nikamfukia, na mbwa wamemfukua.

Kisimani nilisalimu, "Mwangaluka". Wanawake saba wakainua ndoo zao zikiwa nusu na kuondoka. Muuza duka kageukia ukuta, kasubiri niondoke, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Mashine ya kusaga wamezima injini nilipofika, wakaiwasha nilipoondoka.

Martina kapita alasiri. Kasimama nje ya uzio, katupa mshipi wa Eustace mpaka mlangoni pangu, umekunjwa vizuri, ndoana imechomekwa kwenye kipande cha bua la muhindi kama alivyokuwa anafanya mwenyewe. Afadhali angenitemea mate.


Jumamosi, 14 Septemba

Salmini kaja na pikipiki yake toka Kahama kununua samaki. Nilimsubiri njiani, mbali na kijiji, na kambare kumi na wanne. Salmini ananifahamu miaka minne, tumekula futari kwake. Akapunguza mwendo. Akasema akitazama mbele, midomo haichezi: ndugu yangu, mimi ninakula na watu hawa, nisamehe. Akaongeza moto. Nikawatupa kambare wote porini, mmoja mmoja, kwa nguvu zangu zote. Kisha nikarudi kuwaokota maana nilikuwa na njaa.

Dorah bado ananipikia, kimyakimya, mlango umefungwa.


Jumatatu, 16 Septemba

Nkwabi kamchukua Dorah na Loveness. Kasimama nje ya uzio wa minyaa, akaita dada yake, si mimi. Achague: arudi kwao au atengwe naye, na mtoto atengwe. Loveness ana miaka sita. Shuleni hakuna anayekaa naye dawati moja tangu Jumanne.

Dorah kafunga nguo kwenye khanga. Mlangoni akaniambia: Baba Loveness, ungekata tu uzi. Basi. Ndilo neno la mwisho nililonalo la binadamu.

Nimeupiga ukuta ngumi mpaka udongo ukaanguka. Nani asiyejua kwamba ningekata uzi! Usiku na mchana naukata. Najuta mpaka meno yanauma.

Kabla hajaondoka alinipa habari moja, kwa sauti ya chini. Wamekwenda kumchukua Amosi jana, hawakumkuta. Amekimbia. Sasa wanasema angekuwa msafi asingekimbia. Wameichoma mashine yake.

Wameichoma mashine. Ushahidi wenyewe.


Jumanne, 17 Septemba

Nimekwenda mpaka uwanja wa mnada walipokaa. Nikasimama mbali nikapaza sauti: Amosi hakusikia mwano! Mashine yake ilikuwa inanguruma! Nilimwona!

Hakuna aliyegeuza shingo. Wanaume mia mbili wakaendelea kuzungumza habari za malisho. Nikarudia. Nikarudia mpaka sauti ikakauka. Mtengwa hasikiki, ndiyo maana ya kutengwa. Jumatatu ile nilipokuwa nasikika, nilisema lile moja tu.


Alhamisi, 19 Septemba

Saa tatu asubuhi. Mwano unalia.

Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nifanye kitu.

Amosi yumo ndani. Kaingia alfajiri kwa mlango wa nyuma, anachechemea, mshale wa sungusungu umempita kwenye paja njiani. Siku nne alikuwa kwenye shimo la zamani la wachimbaji. Kasema amefikiri sana akaona nyumba moja tu kijiji kizima ambayo hakuna mguu utakaoingia. Yangu. Kakaa chini ya kitanda, kajifunika gunia la nyavu. Nimemfunga jeraha kwa shati langu. Nimempa ugali wa jana.

Ananishukuru! Hajui. Ananiambia: Cornel, ni wewe tu unayeweza kuniokoa. Wewe uliniona. Ulinipungia mkono, nami nikakupungia. Anauliza nani amemchongea. Anakula ugali wangu na kuuliza. Nimesema sijui.

Sasa wamefuata damu. Wanawake wanapokezana ukunga, filimbi zimezunguka pande zote, nasikia miguu nyuma ya choo. Wameufikia uzio wamesimama. Damu inaingia uani kwangu, wanaiona, lakini hukumu ni yao wenyewe: hakuna kuingia. Wanabishana. Mmoja anasema choma nyumba. Mwingine anasema si mtengwa mwenyewe yumo?

Nkwabi kawanyamazisha.

Ananiita. Shemeji! – anasema. Shemeji Cornel! Umesikia mwano? Toka na rungu lako umlete, yaishe leo, Dorah arudi nyumbani na mtoto!

Shemeji. Siku kumi kijiji hakijaniita kitu.

Rungu liko pale lilipo tangu siku ile, nyuma ya mlango, bado lina ute mkavu wa kamongo. Amosi kaliona. Kanishika kifundo cha mguu kwa mikono miwili. Ananong'ona: waambie habari ya mashine, Cornel. Leo watakusikia. Wamekuita.

Kweli wameniondolea kutengwa. Nikitoka nikisema mashine, watauliza kwa nini sikusema Jumatatu ile. Mbele ya Amosi. Mbele ya Martina – nasikia sauti yake nje, naye yumo kwenye ukunga. Nikitoka na rungu hakuna atakayeuliza lolote, milele.

Nkwabi anaita mara ya pili. Nimesimama, naandika ukutani, daftari limeegemea udongo niliouvunja. Nimelishika rungu kwa mkono wenye vidole vitatu. Amosi bado ameshika mguu wangu.

Nimemjibu Nkwabi. Nimesikia kinywa changu kikisema: tangulia, nakuja.