Upande Sikupakii

Kasulu, 6 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Busunzu, na mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima wa afya. Nakuandikia kwa sababu simu ya huko hukatika kabla sijamaliza salamu, na leo nina jambo.

Nimepata kazi, Mama! Ushirika wa wafugaji nyuki umeniajiri niwatembelee vijijini na kuwafundisha kurina asali vizuri. Pikipiki watanipa wao, ila ni lazima niwe na leseni kabla ya mwezi wa tano, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nimeshapata leseni ya kujifunzia na nimeanza chuo cha udereva. Mwanamke ni mimi peke yangu. Wiki nzima ni alama za barabarani tu, pikipiki yenyewe hatujaigusa. Niombee.

Mwanao,
Recho

Busunzu, 19 Machi 2025

Mwanangu Recho,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Mahindi yamestawi, tunamshukuru Mungu.

Kazi nimeifurahia, ila hilo la pikipiki limenikaa kooni. Mimi tangu pikipiki zifike huku nakaa upande, khanga imefungwa vizuri, na sijawahi kuanguka. Sasa wewe utapita mbele ya Paroko umepanua miguu kama Crispin? Na huyo Crispin, bodaboda wetu, mlango wa chuo haujui. Siku za mnada anatupakia mshikaki, wanawake wawili, wote upande, na tunafika. Kama ni lazima uendeshe, endesha huko huko Kasulu. Hapa usije nayo.

Mama yako

Kasulu, 25 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na majirani hawajambo.

Nimefaulu! Tulizunguka koni taratibu bila kukanyaga chini, na wale waliokuwa wakinicheka ndio walioziangusha. Halafu trafiki akaniuliza, abiria akikaa upande utafanyaje? Nikajibu, "Namteremsha, hata akiwa mama yangu mzazi." Wakacheka wote, lakini mimi sikuwa natania. Tumefundishwa kwamba abiria wa hivyo akishtuka kidogo tu, pikipiki yote inavutwa upande wake. Leseni ninayo mkononi, daraja A, na kwenye picha nimenuna.

Sasa usikasirike. Ushirika umenipangia kata ya Busunzu. Jumapili ya wiki ijayo nakuja na pikipiki na helmeti mbili, nikupeleke kanisani. Lakini Mama, upande sikupakii.

Mwanao anayekupenda,
Recho

Busunzu, 14 Mei 2025

Recho mwanangu,

Hujambo? Ulifika salama? Sisi huku wazima.

Siku ile nilikasirika kweli. Mbele ya majirani wote, mtoto niliyemzaa ananiambia nikae sawasawa au nitembee! Nikatembea. Nawe ukawa nyuma yangu polepole, umewasha taa. Nilidhani tukifika kwenye mlima moyo wako utalainika. Wapi! Hata kukuaga vizuri nilishindwa.

Ulipoondoka watu wakawa wananitania, yule binti aliyemkatalia mama yake ni wa nani? Mwanzoni nilibadilisha mazungumzo. Halafu siku ya mnada Crispin akataka kutupakia wawili kama kawaida, na Maximilla, yule mama wa maharage, akasema hapandi mpaka Crispin naye aende akasome, apate leseni kama ya Recho. Nikasikia raha hata nikasahau kununa. Nikawaambia huyo ni wangu, nimemzaa mimi, na huo ubishi kautoa kwangu. Najivunia wewe, mwanangu. Kwa mdomo ningeshindwa kulisema, ndiyo maana naandika.

Jumapili njoo mapema. Juzi nimepeleka kitenge kwa fundi anishonee suruali. Akashika futi yake, akaniuliza Recho ana urefu gani siku hizi. Nikamwambia aache maswali, apime kiuno changu.

Mama yako